Ubao Mbichi Kutoka Kasanga

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe, mwanangu, nilisikia mlio mdogo ndani ya nyumba yangu, ta!, kama mtu aliyevunja njiti ya kiberiti. Sikugeuka. Nilijua ni nini, ndiyo maana sikugeuka. Kuna milio ambayo mtu akiisikia anatamani angezaliwa kiziwi.

Nitakueleza habari ya mlio huo, na kama unasoma haya huku umeshika simu mkono wa pili, iweke chini kwanza. Naona vijana wa siku hizi mnafanya kazi ileile niliyoifanya mimi. Mnachora, mnachonga, mnachapa. Mnasafiri kutafuta picha. Mnaungana wawili, watatu, mnaiita kazi ya pamoja. Vizuri. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole viwili navyo huumizana, na hilo naona hamjaambiwa.

Mimi sikusoma sana. Nilifika darasa la nne, baba akasema inatosha, ng'ombe hawachungwi na vitabu. Nilipokuwa msichana mkubwa nikajiunga na darasa la ufundi la kina mama hapa Sumbawanga mjini. Tulifundishwa kufuma, kushona, na kuchapa vitambaa. Kuchapa kwenyewe, kwa asiyejua, ni hivi: unachukua ubao, unachora picha juu yake, unachimba kwa patasi na kisu pale usipopataka, panabaki pameinuka pale unapopataka. Unapaka wino, unalaza kitambaa cha marekani, ile pamba nyeupe, juu yake, unakigandamiza kwa mkono wote mpaka mabega yanawaka. Ukikiinua, picha imehamia kwenye kitambaa, kulia kumekuwa kushoto. Wengi walichoka wakarudi kwenye kufuma. Sisi wawili tukabaki.

Mwenzangu alikuwa Zuhura. Kwao ni Kasanga, kule chini ziwani, watu wa uvuvi, Waislamu. Alikuja Sumbawanga kukaa na shangazi yake aliyekuwa akiuza dagaa sokoni. Mimi Mfipa wa huku juu, Mkatoliki, mla ugali wa ulezi. Tulipishana kwa kila kitu isipokuwa ubao. Yeye alikuwa na mkono wa kuchora. Mkono huo Mungu alininyima, akanipa jicho la rangi. Basi tukagawana kazi. Zuhura alichonga ubao wa mistari, ule wa wino mweusi. Mimi nilichonga ubao wa rangi, ule unaochapwa kwanza ili mistari ije juu yake. Kitambaa kimoja, mbao mbili, wanawake wawili.

Na tuliwekeana sharti: hakuna anayechapa peke yake. Siku ya kuchapa, mmoja anashika pembe hizi, mwingine pembe zile, kitambaa kinashushwa taratibu juu ya ubao. Mmoja akitetemeka, mistari inapishana na rangi, kazi imekufa. Kwa hiyo hata tukigombana, na tuligombana sana, siku ya kuchapa tulikuwa hatuna budi kupumua pamoja.

Picha tulizitafuta njiani. Kila mwaka mavuno yakiisha tulipanda lori tukaenda mahali. Mwaka mmoja tuliteremka bonde la Rukwa mpaka Ilemba. Kule joto, mwanangu, joto la kukaanga. Zuhura akanicheka: "We Mfipa, vua hilo sweta kabla hujaiva!" Akachora ng'ombe waliokuwa wakihama na kivuli cha wingu, wingu likisogea nao wanasogea. Mwaka mwingine yeye ndiye alitetemeka huku kwetu, tulipokwenda kuangalia matuta ya duara yanavyopandwa maharage, akajifunika khanga mbili, meno yanagongana. Ubao wangu ukichelewa alinitania: "Watu wa Sumbawanga mnasifika kwa kutuma radi kichawi, kumbe hata ubao kuutuma mezani kunawashinda!" Nami nikamjibu kwamba watu wa ziwani wananuka dagaa mpaka ndotoni. Tulicheka. Sikujua kwamba kicheko nacho kina kisima, na kisima hukauka.

Zuhura akaanza kukohoa. Kwanza asubuhi, baadaye mchana kutwa. Akapungua mpaka patasi ikawa nzito mkononi. Ugonjwa wenyewe sikuujua jina, na hata ningelijua lisingemsaidia. Shangazi yake akamrudisha Kasanga kwa mama yake. Nikakaa hapa nikidanganyana na moyo wangu kwamba hewa ya ziwa itamponya. Halafu nikasikia sokoni kwamba haponi. Nikapanda lori, njia ya Matai, wakati ule ni vumbi tupu na makorongo, nikateremka kwao.

Nilimkuta barazani, ameketi kwenye mkeka, mgongo kwenye ukuta, ubao juu ya mapaja. Anachonga. Mkono umebaki mifupa lakini anachonga.

"Umekuja na sweta mpaka huku?" akaniuliza, hata salamu hakutoa.

"Nimelizoea."

"Endelea kulizoea. Hebu njoo uone."

Nikaona. Mwanangu, sijaona tena ubao kama ule. Wanawake wamepangana ufukweni wanaanika dagaa, wameinama wote, migongo yao kama matuta ya shamba. Mwishoni kabisa mwa mstari amesimama mmoja, wima, mkono kiunoni.

"Huyu ni mama," akasema Zuhura. "Mgongo wake haukunjiki siku hizi. Wenzake wanainama, yeye anasimama kuwapigia kelele. Nimemwambia atajiona kwenye kitambaa."

Mama yake akapaza sauti kutoka jikoni: "Usinitie humo na kelele zangu!"

"Kelele hazichongeki, mama. Zingechongeka, ubao usingetosha!"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakataa kuisha. Mama yake akaja na maji. Tulipotulia, Zuhura akanishika mkono. Akaniambia mbao kavu hawakupata, kaka yake alikata mti bondeni kando ya mto, akaupasua vivyo hivyo, una maji yake bado. Halafu akasema jambo ambalo mpaka leo linaniamsha.

"Kaa hapa, Adela. Chonga ubao wako hapahapa. Ile meza ya kuchambulia dagaa ni ndefu, tutachapia pale. Wino kidogo ninao."

Nikaiangalia ile meza. Imejaa magamba. Upepo wa ziwa unapeperusha mchanga, nzi wamekaa juu yake kama wenye nyumba. Nikaikumbuka meza yangu ya Sumbawanga, safi, na marekani yangu niliyoifua na kuinyoosha. Nikajiona mimi fundi.

"Hapa? Na mchanga huu?" nikasema. "Hapana, dada. Nipe ubao niende nao juu. Nitachonga wangu, nitachapa vizuri, nikuletee kitambaa kimepigwa pasi."

"Na sharti letu?"

"Wewe unaumwa. Mgonjwa hana sharti."

Hakubishana. Zuhura, aliyekuwa akibishana hata na mvua, siku ile hakubishana. Aliuzungushia ubao khanga, akanikabidhi. "Basi usikawie," akasema.

Nilipofika Matai nikalala kwa mjomba wangu, kaka wa mama, aliyekuwa akichonga vinu. Watu walitoka mbali kununua vinu vyake kwa sababu havikupasuka. Akishamaliza kuchonga kinu, anakipaka samadi ya ng'ombe ndani na nje, anakificha gizani ghalani kikauke polepole, na hakikumbuki mpaka mavuno mengine. Aliupapasa ubao wa Zuhura, akaunusa, akaupiga kwa kifundo cha kidole.

"Huu umekatwa juzi," akasema. "Unaupeleka wapi?"

"Sumbawanga, mjomba."

"Upepo wa huko unakausha hata mate mdomoni. Niachie niupake samadi, utauchukua mwakani."

"Mwenye ubao ni mgonjwa. Hatafika mwakani."

Akakunja uso, akafikiri. "Kama ni hivyo rudi nao ulikotoka. Mti mbichi ukiwa kwao hauna haraka ya kufa. Kauchapie kulekule."

Sasa sikiliza ujinga wa kijana. Mtu niliyekuwa nikimwamini kwa vinu nilimwona hajui kuchapa. Nikamwitikia ndiyo mjomba, ndiyo mjomba, kesho yake nikapanda lori la kwenda Sumbawanga. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo mnavyosema. Laiti ningevunjika guu. Guu hupona.

Nilichonga ubao wangu wa rangi kwa bidii, sitakudanganya, nilikesha nao. Niliteua bluu ya ziwa na kahawia ya mchanga. Lakini ubao wa Zuhura ulikuwa ukitoa maji, wino haukushika. Nikauweka juani. Haukukauka kama nilivyotaka. Nikausogeza karibu na jiko la mkaa, dirisha nimelifungua, kipupwe kinaingia. Moto upande huu, baridi upande ule. Ndipo niliposikia ule mlio.

Ufa ulianzia pembeni ukaja ukampitia yule mama aliyesimama, kutoka kichwani hadi miguuni. Wengine wote wazima. Nikatia nta ya nyuki kwenye ufa, nta ikatoka na wino. Nikafunga kwa kamba, nikakaza, ufa ukazidi. Kila siku nilisema kesho nitakwenda Kasanga, na kila siku nikaona aibu kwenda mikono mitupu. Ningekwenda siku hiyohiyo na ubao uliopasuka, mwanangu, ningemkuta. Lakini niliona kitambaa ndicho kitakachoniombea msamaha.

Mwishoni nikafanya jambo baya kuliko kuupasua. Nikachukua patasi yangu, mimi nisiyejua kuchora, nikamchimba yule mama nikamwondoa. Kwenye mabaki ya mistari yake nikachonga mawimbi ya maji, mistari mitatu minne tu, kitu rahisi, kuficha ufa. Nikajiambia kwamba mtu mmoja kati ya wengi nani atamkumbuka. Nikachapa peke yangu. Pembe za upande wa pili, zile alizokuwa akizishika Zuhura, nilizikandamiza kwa mawe.

Kitambaa kilitoka kizuri. Hilo ndilo linaloniuma. Majirani walikisifu. Nikakipiga pasi, nikakikunja, nikateremka Kasanga.

Nilijua kabla sijafika mlangoni. Mikeka imetandikwa nje, wanaume wamekaa na kofia zao kimya, ndani wanawake. Walikuwa wameshamzika. Nikapita katikati ya watu na kitambaa changu kwapani kama mchuuzi aliyekosea nyumba.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Umefika."

Hakulia mbele yangu. Alikuwa ameegemea ukuta, hawezi kuketi vizuri kwa mgongo wake. Nikamwekea kitambaa mapajani. Akakikunjua taratibu. Akaweka kidole juu ya mwanamke wa kwanza, akapita kwa wa pili, akitaja majina yao kwa sauti ndogo, fulani huyu, fulani huyu, maana Zuhura aliwachonga mtu na umbo lake, nami sikulijua hilo. Nilidhani ni migongo tu. Kidole kikaenda mpaka mwisho wa mstari, kikaingia kwenye mawimbi, kikasimama. Akakirudisha. Akakipeleka tena.

"Na mimi niko wapi?" akaniuliza.

Mwanangu, nimeulizwa mengi katika maisha haya. Nimeulizwa na polisi, nimeulizwa na padri, nimeulizwa na mume mwenye hasira. Swali zito kama lile sijaulizwa.

"Ubao ulipasuka, mama."

"Ulipasuka ukiwa wapi?"

"Kwangu. Sumbawanga."

Akatikisa kichwa, si kwa kunikubalia. Akasema, na alisema polepole, kama anayemfundisha mtoto mdogo: "Kila asubuhi mwenzio alituamuru tuisafishe ile meza. Leo Adela atakuja, tutachapa, isafisheni. Tukaisugua kwa majivu. Dagaa wetu tukawachambulia chini, wakaingia mchanga, wateja wakatukimbia. Jioni anasema, labda kesho. Meza ilikuwa safi, mwanangu. Tangu ulipoondoka mpaka alipoondoka, meza ilikuwa safi."

Akaendelea: "Hakuwa na haja ya kitambaa. Vitambaa alivichapa vingi. Alitaka mtu wa kushika naye kazi, apate kusahau kifua chake. Wewe ulichukua kazi, ukamwachia kifua."

Kisha akakikunja kile kitambaa palepale kilipokunjwa na pasi yangu, kwa uangalifu, akanirudishia mikononi. "Kichukue. Hiki si chenu wawili. Hiki ni chako peke yako."

Hakunifukuza. Nililala matanga yao, nilichota maji na kuosha vyombo pamoja na wale wanawake waliokuwa kwenye ubao, na nikajifunza majina yao nilipokuwa sina tena pa kuyaweka. Ubao uliopasuka nilimpelekea mama yake safari iliyofuata, akaupokea, akauweka uvunguni, hatukuuzungumzia tena. Kile kitambaa sikukiuza wala sikukitandika. Kililiwa na nondo kikaisha.

Utaniuliza, bibi, uliacha kuchapa? Sikuacha. Njaa haijui majonzi. Nilichapa na wanawake wa Ilemba, nikachapa na wa Matai, wengine hodari kuliko mimi. Lakini tangu wakati ule mimi ndiye niliyebeba ubao wangu kwenda kwao. Nimechapia juu ya milango iliyolazwa, juu ya jamvi, juu ya kaburi la saruji mara moja, kwa ruhusa ya wenye kaburi. Wino wangu umeingia mchanga na mavi ya kuku. Hakuna aliyenunua akalalamika. Hata hivyo sitakuambia kwamba jambo lilikwisha. Kuna makosa yanayofundisha na kuna makosa yanayokaa. Hili linakaa. Linakula na mimi, linasali na mimi.

Sasa nisikilize, maana sitarudia. Nawaona mkipita hapa. Lami imefika, mnakwenda Kalambo kuangalia maporomoko asubuhi, jioni mmerudi na picha mia kwenye simu, kesho mnachapa fulana. Mwanamke uliyempiga picha akitwanga, humjui jina. Tembea uone, sawa, lakini kuona si kupita. Ukifika mahali kutafuta picha, kaa. Uliza jina la kila mgongo. Shika mchi, beba ndoo. Na kama wenyeji wanakuambia chapia hapa, chapia hapo, hata kama ni juu ya magamba ya samaki. Usipende meza yako kuliko mtu.

Ukifanya kazi na mwenzako, mstari wake usiuguse akiwa hayupo. Ubao wake ukipasuka, mpelekee ulivyopasuka. Aibu ya siku moja ni nyepesi; mimi nimeibeba hii tangu nikiwa na meno yote. Wala usimwambie mgonjwa kwamba hana sharti. Mgonjwa ndiye mwenye sharti, kwa kuwa ndiye asiyekuwa na kesho ya kulingojea.

Na mkubwa akikupa njia mbili, ukaona zote hazikupendezi, usichonge ya tatu kwa kiburi. Mjomba wangu alinipa ya kungoja na ya kurudi. Mimi nikachukua ya kwenda mbele. Niliporudi kutoka matangani nilipita Matai bila kushuka kwenye lori. Nilimwona kwa mbali ameinama kwenye kinu, nikageuza uso.

Basi, nimesema. Kama kuna mtu anayekungoja mahali na wewe unatengeneza kwanza kitu kizuri cha kumpelekea, kiache kama kilivyo. Ondoka leo. Mungu akupe gari lisiloharibika njiani, akupe mvua isiyokata barabara, akufungulie mlango kabla hujabisha hodi, na uitikiwe kwa sauti yake mwenyewe. Nenda, mwanangu. Umkute.